Mkono Juu ya Msahafu

Mwezi uliopita tulimzika baba yangu kijijini Misugusugu. Siku ya hitima, msemaji wa familia alisimama mbele ya watu akasema kwamba marehemu aliwalea watoto wake katika dini. "Na ushahidi tunao," akasema, akinyoosha mkono kuelekea upande wa wanawake. "Binti yake yule pale, Mwalimu Mwajuma. Nani hapa Kibaha hajasomeshewa mke au binti na Mwalimu Mwajuma? Maji hufuata mkondo." Watu wakaitikia mashallah. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, juzuu mkononi. Niliifunga juzuu, nikainuka, nikaenda uani kwa wapishi, nikachukua kisu nikaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeniomba nimenye. Rehema, binti wa kaka yangu, ambaye yuko chuo mwaka wa pili, akanifuata. "Shangazi, kumbe babu ndiye aliyekufundisha kusoma? Hukuwahi kutuambia." Nilimjibu kwa ukali ambao mtoto yule hakuustahili. Nilimwambia, "Babu yako hakunifundisha hata alifu." Akabaki amesimama na sinia lake la mchele, hajui aende wapi.

Ninayaandika haya kwa ajili yake. Najua adabu zetu. Najua tumeamrishwa kuyataja mazuri ya maiti wetu, na jambo hilo nimelifundisha mwenyewe kwa miaka mingi. Lakini mazuri ya mtu ni yale aliyoyatenda. Kama walitaka kumsifu baba wangesema alikuwa mcheshi, maana alikuwa mcheshi. Wangesema alivaa vizuri, kwamba ofisini kwao pale Kibaha, alikokuwa karani mpaka alipostaafu, hakuna aliyechoka kukaa naye. Hayo ni kweli. Kilichonikera ni kumpa sifa ya kitu ambacho nilikipata kwa kumkimbia. Mtu akikunyima maji miaka kumi na minane, ukaenda kuchimba kisima chako kwa kucha, halafu siku ya mazishi yake wakasema kisima kile alikichimba yeye, utanyamaza? Mimi nina miaka hamsini na mbili sasa. Nimenyamaza vya kutosha. Sitaeleza ukoo wala nani alimzaa nani. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi Msimbu kwa mama yangu nikiwa na miaka kumi na minane.

Ili mwaka huo ueleweke, inanibidi nianze na asubuhi moja ya miaka miwili kabla yake. Sebule yetu ya Misugusugu ilikuwa na makochi ya mbao yenye vitambaa vilivyofumwa na mama, na kabati la vyombo, na juu ya kabati palikuwa na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa cha kijani. Sikuwahi kuona mtu akiufungua. Mungu katika nyumba ile alikuwa neno la kufungia mazungumzo. "Wallahi nilikuwa kazini." "Wallahi simjui huyo mwanamke." Baba alitia wallahi kwenye maneno yake kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja. Siku chache kabla ya asubuhi hiyo alikuwa amemvunja mama mkono wa kushoto kwa kigoda, kwa sababu mama alimuuliza alikolala. Niliona. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nimeshika sufuria ya uji, na nilisikia mfupa kabla ya kusikia sauti ya mama. Kaka yangu alikuwa shule ya bweni Tabora. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu.

Basi asubuhi ile, kabla wazee hawajafika, baba aliniita chumbani akaketi kitandani, akanisimamisha mbele yake. "Mama yako aliteleza kisimani," akasema. "Sema." Nikasema, mama aliteleza kisimani. "Tena." Nikasema tena. Alinifundisha kama mwalimu anavyofundisha shairi, akinirekebisha nilipokwama, wala hakunipandishia sauti. "Ukisema vingine watanifunga. Mimi nikifungwa, wewe utakula wapi? Mama yako ana nini?" Kisha wakaja: Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, Baba Mkubwa Omari, kaka yake baba, na Mjomba Shomari, kaka yake mama, aliyetoka Msimbu. Mama alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkono wake umeninginizwa kwa kanga shingoni. Alisema alichotendewa, kwa maneno machache. Baba akasema aliteleza. Wazee wakatazamana, na Baba Mkubwa Omari akasema, "Mtoto alikuwepo. Aapishwe mtoto, tumalize." Baba mwenyewe aliuteremsha msahafu kutoka juu ya kabati. Aliupangusa vumbi kwa mkono wa shati. Niliweka kiganja changu juu yake nikasema wallahi, mama aliteleza kisimani. Mama alinitazama. Nilitarajia atalia au atanitukana, na lolote kati ya hayo lingekuwa nafuu. Akasema, "Mtoto amesema. Mimi sina neno." Wazee wakatangaza kwamba amemsingizia mumewe, na wiki ile ile alipewa talaka akaondoka na kaka yake. Mimi baba alinitumia mtu dukani aniletee soda. Niliinywa yote.

Nimekutana na watu wanaosema mtoto wa miaka kumi na sita hana kosa, kosa ni la mzazi. Wananiambia hivyo kwa huruma na ninawashukuru, lakini mimi nilikuwepo. Nilijua kisima kiko wapi na nilijua kigoda kiko wapi. Baba aliniharibu, ndiyo, na hasira yangu kwake haijapoa hata sasa akiwa anaoza udongoni. Lakini mkono uliokuwa juu ya msahafu ulikuwa wangu.

Miaka miwili ikapita. Baba akaoa mke mwingine, Sauda, msichana aliyenizidi miaka mitano tu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja mabaya, nikawa wa kukaa nyumbani na kupika. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Sauda amekaa uani, jicho limevimba limefunga, na baba yuko sebuleni anavaa saa yake tayari kwenda kazini. Akaniita kwa sauti ile ile ya taratibu. "Mwajuma. Ukiulizwa, Sauda aligonga uso kwenye mlango." Akafunga mkanda wa saa, akaongeza, "Sema." Ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa chombo cha kazi, amekitumia mara moja kikamfaa, sasa anakitoa tena kabatini. Sikusema. Alipotoka, nilitia nguo zangu kwenye mfuko wa rambo. Sauda aliniangalia kwa jicho lake moja lililokuwa wazi, hakuniuliza ninakwenda wapi, nami sikumwambia twende. Hilo nalo ni langu.

Nilifika Msimbu alasiri ya siku hiyo, kwa gari la Kisarawe na kisha juu ya lori lililokwenda kubeba mkaa. Mama alikuwa anaishi kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya Mjomba Shomari: kuta za udongo, kitanda cha kamba, mtungi, na sanduku la bati alilolikalia kama kiti. Kijiji kizima kilinuka mabibo, maana ulikuwa msimu wa korosho. Alikuwa anakuna nazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungwa kienyeji ukapona umepinda, kiwiko kimegeukia nje, kwa hiyo kifuu alikibana kwa goti na kukizungusha kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba. Karibu. Umekula?" Akaniwekea mkeka safi. Akanipakulia ubwabwa kwenye sahani ya kauri aliyoitoa ndani ya sanduku, yeye akala kwenye bakuli la bati. Nilipomaliza akasema, "Karibu tena," nami nikasema ahsante, nimeshiba. Mtoto haambiwi "karibu tena" kwa mama yake. Nilikaa naye miezi kumi, na kwa muda mrefu wa miezi hiyo aliniita mgeni kwa kila kitu isipokuwa kwa neno lenyewe. Hakunigombeza. Hakuniuliza kitu. Nilikuwa namwomba Mungu, ambaye hata sikumjua vizuri, amfanye anipige.

Na nilijifunza haraka uongo wangu ulikuwa umemfanyia nini. Nilidhani ulimwondoa tu kwenye nyumba ya baba. Kumbe ulikuwa umemfuata. Asubuhi moja nilikuwa natwanga kisamvu nyuma ya jiko, nikamsikia mke wa mjomba akimwambia jirani, "Huyu wifi yangu ndiye yule aliyemsingizia mumewe. Mpaka mtoto wake wa kumzaa akamuumbua kwa msahafu. Tumemweka tu, damu ya Shomari." Jirani akasema, "Eeh! Na anasali kweli?" Wakacheka kidogo. Mama alikuwa upande wa pili anaanika mihogo. Alisikia kama nilivyosikia. Alikipanga kipande kimoja kimoja juu ya chanja, akihakikisha hakuna kinachogusana na kingine, na alipomaliza akaanza kuvipanga upya.

Mama alikuwa anasoma kwa Bi Tatu, na nilianza kumfuata huko kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa mchana. Msije mkamfikiria Bi Tatu kuwa bibi mpole wa kwenye hadithi. Alikuwa mkulima wa mihogo, mjane, mwenye miguu mikubwa na ulimi mkali, na darasa lake lilikuwa banda la makuti ubavuni mwa nyumba yake, ambapo wanawake walikaa baada ya adhuhuri na watoto asubuhi. Ukikosea herufi alipiga mkeka kwa ufagio wa chelewa mpaka vumbi likakuingia puani. Siku ya pili au ya tatu ya mimi kwenda pale alikuja mchuuzi kutoka Kisarawe mjini kununua mihogo. Akaitazama, akaigeuza, akasema, "Isije ikawa michungu, Bi Tatu. Apia basi." Bi Tatu akasema, "Siapi." "Apia tu, mama, nipate moyo wa kuchukua." "Nimekwambia siapi kwa ajili ya muhogo. Menya, onja. Ukiwa mchungu, tema uende zako." Yule bwana akamenya, akatafuna, akanunua. Nilicheka kwa sauti, nikashangaa kujisikia nacheka. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ambamo Mungu aliitwa shahidi mara ishirini kabla ya chai, na hapa palikuwa na mwanamke aliyekuwa anasema kweli na bado anaona haya kumwita Mungu aje kushuhudia muhogo. Sijui kama watu wengine huingia kwenye imani kwa mlango wa aina hiyo. Mimi niliingia kwa huo.

Kesho yake nilikwenda asubuhi, pamoja na watoto. Mimi msichana wa kidato cha nne, magoti yangu yakigusana na ya watoto wa miaka sita waliojua zaidi yangu, nikisoma alifu, bee, tee. Walinicheka na walikuwa na haki. Bi Tatu alinifundisha kutawadha, akanifundisha kusimama na kurukuu, akanikosoa vidole, akanikosoa mgongo. Sikuwa natafuta pepo, na kusema kweli nilikuwa na hakika pepo si yangu. Nilichokipata kwenye sijda ni mahali ambapo hakuna aliyenifundisha la kusema. Paji la uso likiwa chini, hakuna mzee wa kumridhisha wala baba wa kumwokoa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka watoto wakaambizana kwamba dada mkubwa amelala. Na nilikuwa na hasira, hata hapo. Nilimuuliza Mungu kwa nini alikubali jina lake litumike vile na paa la nyumba halikuanguka. Sikujibiwa. Lakini nilijua nimeuliza kwa mwenyewe, na nilijua sisemi uongo, na hilo lilikuwa geni kabisa kwangu.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha, nilipowasikia mama na Bi Tatu wakizungumza ndani ya banda. Nilikuwa nje naosha miguu. "Mwanao ana akili," Bi Tatu alikuwa anasema. "Miezi michache tu, amefika mbali." Mama akasema, "Namwona anavyofuata mstari kwa kidole. Kidole kile kile, Bi Tatu. Najitahidi. Nashindwa kuutazama mkono wake." Bi Tatu akauliza, "Umemwambia?" Mama akasema, "Nimwambie nini? Anajua." Nilisimama kwenye tope, maji yameniishia kwenye kopo, na nilielewa kwamba kusali kwangu kote kule kulikuwa kunamwongezea mama maumivu. Alikuwa ananiona mwongo yule yule, sasa amejitanda ushungi.

Nilihitimu juzuu amma, ile wanayoanza nayo wanafunzi, mwishoni mwa mwezi wa nane wa kukaa kwangu pale. Kwa desturi ya Bi Tatu, mwanafunzi akimaliza juzuu alikabidhiwa msahafu mbele ya wenzake. Alinyoosha mikono yake yote miwili, msahafu juu yake, na wanawake wakaanza vigelegele. Mimi nikaificha mikono nyuma. "Pokea," akasema. Nikatikisa kichwa. "Huna udhu?" Nikasema ninao. Vigelegele vikafa. Mama alikuwa amekaa nyuma karibu na nguzo. Aliinuka akatoka nje. Bi Tatu akawaruhusu wanawake, akabaki na mimi, na nikamwambia yote, na kigoda, na uji, na soda. Nilitegemea atanikumbatia. Alikunja uso mpaka nikaogopa.

"Kwa hiyo mama yako anaitwa mwongo hapa Msimbu," akasema, "na wewe unalijua hilo kila siku unapokula chakula chake?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na unakuja hapa unarefusha sijda."

"Natubu, mwalimu. Natubu kila siku."

"Dhambi ya siri tubu kwa siri. Wewe uliapa mbele za watu, ukachukua heshima ya mtu ukaitupa hadharani. Mungu ana lake, hilo mtamalizana. Utafunga siku tatu kafara ya kiapo chako. Lakini la mama yako, Mungu halisamehe kwa niaba yake. Nenda kalirudishe ulipolitolea." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Atakutishia radhi huyo baba yako. Jiandae."

Nilifunga siku tatu. Siku ya nne nilimpigia mama magoti chumbani, nikamwambia nakwenda Misugusugu kusema kweli mbele ya wale wale. Nilidhani atafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mama yangu alinipandishia sauti. "Sasa hivi? Sasa ndiyo umekumbuka kwamba una mdomo? Miezi minane umelala chumbani humu humu, unausikia mkono huu ukinisumbua kwenye baridi, umenyamaza. Leo kwa sababu umeambiwa kuna moto unataka nikutoe motoni?" Alinionyesha mlango. "Nenda. Lakini usiende kwa ajili yangu. Mimi nimezoea kuitwa mwongo. Nenda kwa ajili yako." Ilikuwa kauli ngumu kuliko zote nilizowahi kuambiwa, na ilikuwa ya kweli, na afadhali sasa alikuwa ananisemesha kama mtoto wake.

Balozi Mzee Kibwana alinisikiliza barazani kwake Misugusugu, akajikuna kidevu, akasema ni mambo ya zamani; lakini nilikataa kuondoka, kwa hiyo alasiri ile akamwita Baba Mkubwa Omari, tukaenda nyumbani kwa baba. Sebule ile ile, kabati lile lile. Baba alikuwa ametoka kazini, amevaa fulana, akacheka alipotuona. "Mtoro amerudi na wazee!" Nilibaki nimesimama. Nikasema, "Siku ile niliapa uongo. Mama hakuteleza. Baba alimvunja mkono kwa kigoda, mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nikaona. Asubuhi ile ile baba alinifundisha maneno ya kusema." Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo njia nzima, na yalitoka vibaya, kwa sauti nyembamba, lakini yalitoka yote.

Baba Mkubwa Omari alikuwa wa kwanza kusema. "Mwanangu, hayo yameshapita. Unamvua nguo baba yako kwa faida gani?" Baba alikuwa ameacha kucheka. "Hii ndiyo dini waliyokufundisha huko porini?" akaniuliza. "Kumdhalilisha mzazi? Dini gani hiyo? Hebu muulize mwalimu wako, mtoto asiye na radhi ya baba anakwenda wapi. Uliza! Mimi, Mwajuma, mbele ya hawa wazee, radhi yangu nakuondolea. Wallahi nakuondolea." Msomaji asiyekulia kwetu huenda akaona ni maneno tu. Kwetu ni sawa na laana. Nilikuwa na imani ya miezi minane, changa kama mche, na mtu ambaye hajawahi kufungua msahafu alikuwa anautumia kunipiga nao, na alijua pa kupiga. Nilishika mgongo wa kochi. Nikasikia ninasema, "Mama naye ana radhi, baba." Mzee Kibwana alitazama chini, akasema, "Haya, tumesikia," wakavaa viatu vyao wakaondoka. Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyemgombeza baba.

Nilipokuwa natoka kwa mlango wa uani, Sauda alinishika mkono. Alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, na alikuwa amesikia kila kitu nyuma ya pazia. Akaniuliza neno moja tu. "Mkono upi?" Nikamwambia mama alivunjwa wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anahesabu jambo na sasa amepata jibu. Baada ya wiki tatu nilisikia amerudi kwao Rufiji na mtoto wake.

Msimbu nilimkuta Mjomba Shomari amekaa na mama uani. Nikawaeleza. Mjomba alishika kichwa. Alikuwa amemweka dada yake kwenye chumba cha uani karibu miaka mitatu, akimwamini mtoto wa shemeji yake kuliko yeye. Alianza kusema kitu, mama akamkata. "Wamesema nini wale wazee?" Nikamjibu kwamba wamesema wamesikia. "Wamesikia," mama akarudia. Ijumaa iliyofuata aliamka akaoga, akavaa gauni lake la sikukuu na buibui, akasimama mlangoni. "Shomari, Mwajuma, twendeni."

Baba Mkubwa Omari alikuwa ametoka msikitini, yuko barazani kwake Misugusugu na wageni watano au sita, sinia la pilau katikati yao. Mzee Kibwana alikuwemo. Mama alisalimia kwa adabu, wakamkaribisha, akakataa kukaa. "Sikuja kula, shemeji," akasema. "Mwanangu amekuja hapa wiki iliyopita, mkasema mmesikia. Mimi nimekuja kusikia na mimi. Siku ile mlisema mbele ya watu kwamba nimemsingizia mume wangu. Leo kuna watu. Semeni." Baba Mkubwa Omari akajaribu kusimama, akasema, "Shemeji, tuingie ndani tuzungumze." "Ndani nimeshakaa sana," mama akasema. Aliuinua mkono wake wa kushoto mbele yao, ukaishia pale ulipoweza kufika, nusu ya njia. Wageni waliacha kula. Nilimwona baba mkubwa akimtazama Mzee Kibwana, na Mzee Kibwana akitazama sinia. Mwishowe baba mkubwa akasema, haraka haraka, "Basi, shemeji, ulisema kweli."

"Rudia," mama akasema. "Hawa wa mwisho huku hawakusikia."

Akarudia. Alimtaja mama kwa jina lake kamili na jina la baba yake, akasema hakumsingizia mtu, mumewe alimvunja mkono, na wao wazee hawakumwamini. Mama akasema, "Nimepokea," akageuka.

Tulisimama kando ya barabara ya Morogoro tukisubiri gari, mjomba amejitenga kidogo, analia na anajifanya hakuna kitu. Malori yalikuwa yanapita yanatupiga vumbi. Nilikusanya moyo wangu wote nikamuuliza, "Mama, umenisamehe?" Aliwaza. Hakutaka kunidanganya, nilimwona usoni jinsi alivyolipima neno kabla ya kulitoa. "Bado," akasema. "Ikifika nitakwambia." Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, ule ule, akanivusha barabara, mimi msichana wa miaka kumi na minane, kama mtu anavyomvusha mtoto wa darasa la kwanza.

Ilifika baada ya miaka sita. Nilikuwa nimeolewa Kibaha, nimeanza kusomesha wanawake, nimekwenda Msimbu kumtazama. Tulikuwa tunamenya mihogo, hatuzungumzi jambo lolote la maana, akasema bila kuinua uso, "Lile limekwisha, Mwajuma." Akaendelea kumenya.

Baba hakukiri lolote mpaka anaingia kaburini. Hakunirudishia radhi, nami sikuiomba kwa kuukana ukweli. Alipougua nilimpelekea uji na nikamfulia, maana nimeamrishwa, na kila alipokuwa ananikabidhi bakuli nilitazama mkono wake. Wanawake ninaowasomesha huniuliza, na sasa Rehema ataniuliza, kama mtu mwenye dini anaruhusiwa kubeba hasira miaka yote hii. Ninawajibu ninavyojua. Namwombea baba maghufira kila baada ya swala, kwa jina lake, na sijaruka hata siku moja tangu tumzike. Nikiulizwa kama nimemsamehe, nasema bado. Ikifika nitasema.